PDF Iliyokaa Kimya

Maktaba moja ya chuo (sitaitaja) imebandika tangazo mlangoni kwamba huduma kwa wenye ulemavu zipo. Ni kweli, kompyuta ipo, na NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, imewekwa. Lakini rafiki yangu asiyeona alipofungua tasnifu aliyoitafuta, kimya!

Kwa nini? Tasnifu ilipigwa skani tu. Machoni pa kompyuta, ukurasa wa namna hiyo ni picha, sawa na picha ya mbuzi. Hamna herufi ya kusoma. Dawa yake ni OCR, programu inayotambua maumbo ya herufi na kuyageuza maandishi. Tesseract hufanya hivyo bila malipo, ingawa lazima mtu apitie makosa, hasa kwenye majedwali na milinganyo.

Hakimiliki nayo si kisingizio. Mkataba wa Marrakesh wa 2013, ambao Kenya ilijiunga nao 2017, unazitaka nchi ziruhusu nakala kama hizi kwa wasioona bila kumwomba ruhusa mwenye haki.

Jamani, kompyuta tumenunua, kazi hatujaifanya. Mkutubi, kabla hujapandisha faili, jaribu kunakili sentensi moja. Ikikataa, kuna msomaji umemfungia nje.