Makohozi Hayatoki kwa Nguvu: Kazi ya Kusafisha Mapafu Yenye Makovu

Dawa za nimonia zimekwisha, homa imeshuka, mgonjwa ameruhusiwa kurudi nyumbani. Wiki kadhaa baadaye bado anakohoa kila asubuhi mpaka mbavu zinamuuma, na kinachotoka ni makohozi mazito ya kujaza kijiko kimoja tu. Katika wilaya za Tarime na Serengeti mtu wa namna hii si mgeni. Huenda aliwahi kuugua kifua kikuu akamaliza dozi yake yote, au alitumia ujana wake kwenye mashimo ya dhahabu kule Nyamongo, au yote mawili yalimpata. Vijidudu vya safari hii vimekufa kweli. Kilichobaki ni mzigo ambao mapafu yake hayawezi tena kuutoa yenyewe, na kazi ya kuutoa inataka maarifa ambayo wagonjwa wetu wengi hawajawahi kufundishwa.

Tuanze na kinachoharibika. Mirija ya hewa imetandikwa kwa ndani vinyweleo visivyoonekana kwa macho, vinavyopiga kuelekea kooni usiku na mchana na kusukuma ute ulionasa vumbi na vijidudu. Kifua kikuu kinapokula ukuta wa mrija, vinyweleo vya mahali hapo hufa na mrija hutanuka usirudi tena. Hali hiyo huitwa bronkiektasi. Ute hutuama, bakteria huzaliana humo, ukuta huzidi kulika, na maambukizi yanayofuata huanzia palepale.

Vumbi la mwamba nalo lina hatia yake. Uchimbaji mdogo Nyamongo ulikuwapo kabla mgodi mkubwa wa North Mara haujaanza uzalishaji mwaka 2002, na utoboaji wa mwamba mkavu hurusha chembe za silika zinazotia makovu kwenye mapafu na kukifungulia njia kifua kikuu. Utafiti wa Perry Gottesfeld na wenzake uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu hapa Tanzania, ulikuta kwamba kwa watoboaji wa chini ya ardhi silika hewani ilizidi kiwango kinachopendekezwa Marekani kwa zaidi ya mara 300. Mtu aliyevuta hewa ile kwa miaka, kisha akarudi jioni kwenye jiko la kuni lisilo na dirisha, hana mapafu ya kuachiwa yajisafishe.

Wengi hujibu tatizo hili kwa kukohoa kwa nguvu zaidi, na hapo ndipo wanapokosea. Anayekohoa kwa nguvu huongeza shinikizo kifuani kote, na mirija iliyolegea kwa ugonjwa hubanwa ikafunga kabla makohozi hayajapita. Hewa hukwama, makohozi hukwama nyuma yake, mgonjwa huchoka. Kinachosogeza makohozi ni hewa iliyo nyuma yake. Kwa hiyo swali la kiufundi ni moja: utaifikishaje hewa upande wa pili wa kizibo?

Jibu limo ndani ya mapafu yenyewe. Mwaka 1893 Hans Kohn alieleza vitundu vidogo vinavyounganisha vifuko vya hewa vilivyo jirani. Ukivuta pumzi ndefu taratibu kisha ukaishikilia kidogo, hewa hupenya kutoka kifuko kilicho wazi kwenda kile ambacho njia yake imezibwa, ikajikusanya nyuma ya makohozi. Juu ya msingi huo, na juu ya mbinu ya kutoa pumzi kwa msukumo iliyoelezwa na Thompson na Thompson huko New Zealand mwaka 1968, wataalamu wa Hospitali ya Brompton, London, walijenga zoezi linalotumika sasa duniani kote. Walipolipima mwaka 1979 kwa wagonjwa wa saistiki faibrosisi, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu ute mzito, makohozi mengi zaidi yalitoka kwa muda mfupi zaidi, na mgonjwa hakuhitaji mtu wa kumpigapiga mgongoni.

Zoezi lenyewe hufanyika hivi. Mgonjwa anakaa wima kwenye kigoda, mabega yamelegea, anapumua kawaida kwa tumbo mpaka atulie. Kisha anavuta pumzi ndefu kwa pua, mbavu zifunguke, anashikilia kwa kuhesabu tatu, anaiachia itoke yenyewe bila kuisukuma. Anarudia mara 3 au 4, halafu anatulia tena. Sasa ndipo inapokuja hatua yenyewe: anafungua mdomo na koo, anavuta pumzi ya wastani, anaisukuma nje kwa mkupuo mrefu wenye sauti ya haaa, kama anayetia mvuke kwenye kioo akifute. Pumzi hii ya wastani ndiyo inayosogeza makohozi yaliyo mbali. Yakishapanda kwenye mirija mikubwa, ambako mara nyingi husikika yakikoroma, anavuta pumzi kubwa na kutoa haaa fupi na kali. Kukohoa huja mwisho, mara moja au mbili tu, makohozi yakiwa tayari kooni. Anapumzika kwa pumzi za kawaida, anaanza upya. Dakika 10 hadi 30 zinatosha, na mizunguko miwili mfululizo ikipita bila kitu kutoka, kazi ya kikao hicho imekwisha. Mwenye pumu au mirija iliyobana huvuta kwanza dawa yake ya kufungua mirija, salbutamoli, na kungoja kama robo saa.

Mkao nao una hesabu yake. Tangu William Ewart wa London alipoandika mwaka 1901 juu ya kutibu bronkiektasi kwa mikao, picha iliyowakaa watu akilini ni ya mgonjwa aliyelazwa kichwa chini, miguu juu. Mkao huo husaidia sehemu za chini za mapafu. Lakini kifua kikuu cha mtu mzima hupenda sehemu za juu, na sehemu za juu hujimwaga mtu akiwa ameketi wima. Kumwinamisha mzee wa namna hiyo kichwa chini ni kumwongezea kukosa pumzi na kiungulia pasipo faida. Anayefundisha zoezi lazima awe ameiona eksirei ya kifua ya yule anayemfundisha.

Pale ambapo makohozi ni mazito mno, chupa ya plastiki inafanya kazi ya kifaa cha gharama. Jaza maji safi kimo cha sentimita 10, tumbukiza mrija ufike karibu na kitako, na mgonjwa atoe pumzi kupitia mrija huo mpaka maji yatoe mapovu. Kina hicho cha maji huisukuma hewa irudi kidogo, na shinikizo hilo huifanya mirija ikae wazi wakati wa kutoa pumzi. Watafiti wa Brazil walipima vipimo vyake mwaka 2009: tundu la mrija, na tundu la kutolea hewa kwenye chupa, lisipungue milimita 8, vinginevyo shinikizo hupanda bila mtu kujua. Mirija myembamba ya kunywea soda haifai. Maji yamwagwe na kubadilishwa kila siku, mrija uoshwe, na chupa ya mtu mmoja isitumiwe na mwingine.

Selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu ulioenea sana Kanda ya Ziwa, nao hudhuru mapafu, ila kwa sura tofauti kidogo. Mtoto mwenye maumivu ya mbavu huogopa kuvuta pumzi ndefu, sehemu za chini za mapafu hujifunga, na hapo hali huwa mbaya haraka. Jaribio la Marekani la mwaka 1995 liliwapa wagonjwa kifaa cha kuwahimiza kuvuta pumzi kubwa, mara 10 kila saa 2 wakiwa macho. Matatizo mapya ya mapafu yalitokea mara 1 katika vipindi 19 vya kulazwa, dhidi ya mara 8 katika 19 kwa wasiokitumia.

Mfano wa karibu wa kufundisha haya baada ya kifua kikuu uko Kampala. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, timu ya Bruce Kirenga na Rupert Jones iliwachukua watu waliomaliza matibabu wakiwa bado na shida ya pumzi, ikawapa mazoezi ya viungo na elimu ya mapafu yao mara 2 kwa wiki kwa wiki 6. Waliofika mwisho walikuwa 29. Umbali waliomudu kutembea kwenye kipimo uliongezeka kutoka wastani wa mita 299 hadi 377. Hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo siwezi kuudai kama ushahidi wa mwisho. Lakini watu walihudhuria na pumzi yao ikaongezeka.

Kwa hiyo hoja ya kwamba wilaya hazina vifaa siikubali. Kigoda kipo, chupa ipo. Kinachohitajika Serengeti na Tarime ni muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia mwenye nusu saa ya kukaa na mgonjwa kabla hajaruhusiwa, amwone akitoa haaa kwa usahihi, na aandike zoezi hilo kwenye cheti chake kama anavyoandika dozi: asubuhi kabla ya kula na jioni, kwenye hewa ya nje, mbali na watoto, makohozi yatemewe kwenye kopo lenye mfuniko.

Kabla ya hapo makohozi yapimwe upya. Aliyewahi kuugua kifua kikuu anaweza kuugua tena, na hakuna zoezi litakalochukua nafasi ya vidonge vyake. Ikitokea damu, au maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua na pumzi kukatika, chupa iwekwe kando na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.