Kumbukumbu za Mlimani: Picha za Sam Ntiro na Ukumbusho wa Kanisa

Siku ukungu unapoinuka, aliyeko Bulyaga, mjini Tukuyu, huuona Mlima Rungwe ukiwa umesimama juu ya migomba na mashamba ya chai. Mwaka 1879 msafiri Mskoti Joseph Thomson alipita katika nchi hii ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, akaisifu mno pamoja na nyumba zake za mianzi, kana kwamba amefika katika nchi isiyojua taabu. Aliona kweli, lakini aliona kama mpita njia. Wenyeji waliolala katika nyumba zile walijua pia njaa, magonjwa na hofu ya uchawi. Tumeanza na habari hii kwa sababu tunataka kuuliza swali moja juu ya picha zinazochorwa kutokana na kumbukumbu za maisha ya milimani: je, mwenyeji anapoikumbuka nchi yake kwa rangi, huona zaidi ya yale aliyoyaona mpita njia?

Mchoraji tunayemchukua kuwa mfano ni hayati Sam Joseph Ntiro, aliyezaliwa Machame, Kilimanjaro, mwaka 1923, akafariki mwaka 1993. Alisoma Makerere chini ya Bibi Margaret Trowell, kisha akafundisha huko. Baadaye alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, na tangu mwaka 1961 hadi 1964 alikuwa Balozi wetu katika mji huo huo. Basi hakuwa mchoraji asiye na elimu. Hata hivyo alichagua kwa makusudi kuchora kama wachorao watu wa kijijini, na jambo alilolichora maisha yake yote lilikuwa lile lile: watu wa mlimani wakilima, wakivuna, wakijenga, wakienda arusini.

Picha yake ijulikanayo zaidi ni ya mwaka 1956, nayo ilinunuliwa mwaka 1960 na Jumba la Sanaa za Kisasa la New York. Jina lake, kwa lugha yetu, ni "Wanaume Wakipeleka Pombe ya Ndizi kwa Bibi Arusi Usiku". Namna yake ya kuchora ni rahisi kueleza. Watu wake ni wengi na wadogo, na nyuso zao hazitofautishwi. Miti na vilima hurudiarudia kama kiitikio cha wimbo. Hakuchora kwa kumtazama mtu aliyeketi mbele yake, bali alichora yale aliyoyabeba moyoni. Bibi Trowell aliwafundisha wanafunzi wake kuchora hivyo: kusikiliza habari, kufumba macho, kisha kuchora kile walichokiona kwa ndani.

Wako waliomlaumu wakisema kwamba watu wasio na nyuso ni udhaifu wa mkono. Sisi hatukubaliani nao. Ntiro hakukusudia kutuonyesha fulani bin fulani, bali watu wanaokwenda pamoja. Katika picha zake ni shida kumpata mtu aliye peke yake. Mzigo hubebwa na wengi, na njia hupitwa na wengi. Hapo msomaji aliyesoma habari za Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi Kilimanjaro tangu mwaka 1902 hadi 1938, atakumbuka fundisho lake kwamba ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu mwenyewe amewapa wanadamu, na kwamba Injili haikuja kuvikata. Ntiro aliuchora ujirani huo bila kuandika neno hata moja la theolojia. Na kama yuko mtumishi anayekwazwa na vibuyu vya pombe, na akumbuke kwamba ishara ya kwanza ya Bwana wetu ilifanyika arusini, divai ilipowatindikia.

Pamoja na sifa hizo hatuna budi kusema neno la pili. Mwaka 1951, miaka mitano kabla ya picha hiyo, serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru wa Engare Nanyuki katika nchi yao ili walowezi wapewe malisho. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda kulipeleka shauri lao mbele ya Umoja wa Mataifa. Wameru ni jirani za Wachaga, na wengi wao walikuwa washarika wa Kilutheri. Katika picha ya arusi hatuoni hata kivuli cha mambo hayo. Hatumdai mchoraji achore kila kitu katika kila picha. Lakini kijiji kinapochorwa miaka mingi bila mtu anayelia, mtazamaji hufundishwa kuamini kwamba hapakuwa na machozi. Anayeishi ugenini huikumbuka migomba kuliko njaa. Jambo hili ni la kibinadamu, nasi sote tunalo.

Hapa Maandiko yana kipimo chake. Katika Kumb. 26 Mwisraeli anapoleta kikapu cha malimbuko haruhusiwi kusifu mavuno tu. Anapaswa kwanza kumtaja baba yake aliyetangatanga, na utumwa wa Misri, na kilio ambacho Mungu alikisikia. Shukrani na kilio hukaa katika ukiri mmoja. Vivyo hivyo katika Meza ya Bwana: ukumbusho wetu hutaja usiku ule ule aliotolewa. Usiku wa Ntiro ni usiku wa furaha, nao ni wa kweli. Ila ni nusu ya ukiri.

Nusu ya pili tunaiona kwa mwana mwingine wa Kilimanjaro, Elimo Njau, aliyezaliwa Marangu mwaka 1932, naye pia mwanafunzi wa Makerere. Katika miaka ya mwisho ya 1950 alichora michoro mitano ukutani mwa kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa siku za vita vya Mau Mau. Humo mna kuzaliwa kwa Yesu, ubatizo wake, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulibiwa. Kristo ni Mwafrika, na nchi ni vilima vya Murang'a vyenyewe. Waumini waliofiwa katika vilima vile huviona ukutani, na msalaba umesimama juu yake. Njau hakuwaambia kwamba nchi yao haikuwa na damu. Aliwaonyesha ni nani aliyeingia katika damu hiyo pamoja nao.

Sasa turudi Rungwe. Wanyakyusa wanalo neno ukwangala, yaani furaha ya kukaa na kuzungumza pamoja na wenzi, na zamani watu wa rika moja walijenga kijiji chao na kukaa humo. Hilo linastahili kuchorwa kwa namna ya Ntiro. Lakini nchi hii ina kumbukumbu nyingine pia: vijana walioondoka kwenda kwenye dhahabu ya Lupa na migodi ya kusini, na mama waliobaki na majembe. Ikiwa ukutani mwa makanisa yetu tutaendelea kutundika Mchungaji Mwema aliyesimama katika malisho ya Ulaya, tutawafundisha watoto kwamba Bwana hakupata kupita hapa. Na tukitundika migomba na ngoma tu, tutawafundisha kwamba hapa hapakuwa na haja ya kuokolewa.

Kwa hiyo tunawashauri watumishi, na hasa wanafunzi wanaojiandaa kwenda sharikani, wawatafute vijana wenye kipawa cha kuchora. Wasiwape picha za kunakili. Wawaketishe pamoja na wazee, wasikilize habari za arusi na habari za misiba pia, kisha wawape rangi na ukuta.