Namna ya Kuitambua Seva ya Majina Iliyosanidiwa kwa Ustadi

Seva ya majina, yaani kompyuta inayoeleza jina fulani la intaneti lina anwani gani ya namba, ni kazi ambayo ubora wake haumfikii mtumiaji wa kawaida, kwa kuwa iliyosanidiwa ovyo na iliyosanidiwa kwa ustadi zote hujibu, tena kwa kasi zinazokaribiana. Mfumo wenyewe ulibuniwa na Paul Mockapetris mwaka 1983, na programu ya BIND, iliyoandikwa katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika muongo huohuo, ndiyo iliyoueneza kwenye mashine za Unix. Toleo lake la 9, lililotoka mwaka 2000, hadi leo linatunzwa na Internet Systems Consortium. Kwa umri huo, mafaili mengi ya usanidi yamepita mikononi mwa wasimamizi kadhaa waliofuatana, na siku ya kupandisha toleo ndiyo inayobainisha nani kati yao alielewa alichokiandika.

Mjuzi anapolifungua faili la usanidi la BIND, named.conf, huanza kwa kutafuta kisichostahili kuwamo. Mfano ulio wazi kuliko yote ni mstari wa query-source uliofungwa kwenye poti ya 53. Matoleo ya kale ya BIND yalituma maswali yake kupitia poti hiyo, na kuta za moto, yaani vichujio vya mawasiliano, zikawekwa kwa kuzingatia desturi hiyo; BIND 8 ilipoanza kutumia poti nyingine, wasimamizi wengi waliuandika mstari huo ili wasilazimike kuugusa ukuta. Mwaka 2008 Dan Kaminsky alionyesha kwamba mshambuliaji anaweza kuipachikia seva jibu la uongo kwa kukisia namba ya utambulisho wa swali, ambayo ina biti 16 tu na hivyo haizidi uwezekano 65,536, na dawa iliyokubalika ikawa kubadilisha poti ya kutokea bila mpangilio kwa kila swali, ili mhalifu alazimike kubahatisha mambo mawili kwa pamoja. Seva iliyobaki na mstari ule huwa imeikataa dawa. Fundi mahiri huufuta, kisha huurekebisha ukuta. Mbabaishaji hulinakili faili zima kwenye mashine mpya na kushukuru kwamba limekubalika. (Kuficha namba ya toleo, jambo linalosifiwa mno, si dalili ya ustadi wala ya uzembe, kwani mshambuliaji hujaribu mbinu zake bila kuuliza toleo.)

Linalofuata ni kujua seva inamjibu nani, na inamjibu nini. Kuna seva yenye mamlaka, ambayo hutoa majibu ya vikoa vyake yenyewe kwa dunia nzima, na kuna seva ya utafutaji, ambayo huzunguka intaneti kwa niaba ya wateja wake na kuyahifadhi majibu kwa muda. Zamani mashine moja ilizibeba kazi zote mbili, na kama utafutaji haukuwekewa mipaka kwa allow-recursion, mtu yeyote aliweza kugushi anwani ya mwathirika, akauliza swali dogo, na mwathirika akamiminiwa majibu makubwa asiyoyaomba. Kuzitenganisha kazi hizo ni uamuzi bora: FreeBSD 10, iliyotoka mwaka 2014, iliiondoa BIND kwenye mfumo wake wa msingi na kuweka Unbound, ambayo kazi yake kuu ni utafutaji. Kipimo chake ni rahisi, kwani seva yenye mamlaka ikiulizwa kutoka nje kuhusu kikoa cha watu wengine yapasa ijibu REFUSED.

Ndani ya faili la zoni, yaani orodha ya rekodi za kikoa kimoja, ustadi hupimwa kwa nukta. Jina lisilomalizikia kwa nukta huongezewa jina la zoni, kwa hiyo barua.mfano.co.tz iliyoandikwa bila nukta ya mwisho hugeuka kuwa barua.mfano.co.tz.mfano.co.tz, na barua pepe zikaacha kufika ilhali seva hailalamiki hata kidogo. Namba ya mfululizo nayo, ambayo kwa desturi huandikwa kwa mwaka, mwezi, siku na tarakimu mbili za marekebisho, lazima iongezeke kila badiliko, la sivyo seva saidizi, zinazonakili zoni kutoka seva kuu, zitaendelea kutoa nakala ya zamani.

Kupandisha toleo kwenyewe kuna adabu yake. Seva saidizi hutangulia, kwa kuwa ikikwama ile kuu bado inahudumia, na faili la usanidi hupitishwa kwanza kwenye programu ya ukaguzi, named-checkconf, ya toleo jipya, wala si ya lile linaloachwa. Hapo ndipo amri kama auto-dnssec, iliyoondolewa katika BIND 9.20, inapojulikana kabla haijaizuia huduma kuwaka. Mrithi wake, dnssec-policy, husimamia funguo za saini za kidijitali zinazothibitisha majibu, lakini hudai uangalifu: sera isiyolingana na funguo zilizopo inaweza kuzalisha funguo mpya na kuzistaafisha za awali, ilhali kikoa cha juu bado kinaielekeza dunia kwenye ufunguo wa kale, na kikoa kizima kikahesabiwa kuwa batili na kila seva inayokagua saini.

Kazi ikikamilika, programu ya dig huiuliza kila seva rekodi ya SOA, inayobeba namba ya mfululizo, na zote zapasa kutoa namba moja. Kisha swali hurudiwa kwa TCP, njia ambayo majibu makubwa yenye saini huhamia na ambayo kuta nyingi za moto bado huiziba.