Miguu Isiyoonekana Mkunazini

Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, sanamu za watumwa watano zimesimama shimoni kando ya Kanisa la Kristo. Kazi hiyo ni ya mchongaji wa Sweden, Clara Sörnäs, na imekuwepo tangu mwaka 1998. Hapo palikuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873. Kisha Waanglikana, chini ya Askofu Edward Steere, wakajenga kanisa lao papo hapo.

Sanamu nyingi za mijini hutufanya tuinue shingo. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimikwa mwaka 1927, iko juu ya nguzo yake, na mpita njia yuko chini. Sörnäs yeye amechimba. Ukifika ukingoni unawaangalia watu hawa kutoka juu, wamezungukwa na kuta za shimo, na mwili wako unatambua mapema kuliko akili kwamba umesimama aliposimama mnunuzi. Sijaona sanamu nyingine Afrika Mashariki inayomweka mtazamaji mahali pake kwa ukali namna hii.

Miili yao ni ya kijivu, imechongwa kwa makusudi bila kulainishwa, kana kwamba patasi iliachwa kabla ya kazi kwisha. Lakini shingoni wamevikwa pingu za chuma, na mnyororo unaowaunganisha ni wa kweli, wa enzi za biashara yenyewe. Hapa ndipo kazi inaponishika. Watu wamebuniwa, mnyororo haukubuniwa. Majina ya waliofungwa yamepotea na nyuso zao imebidi zikisiwe, ilhali chuma kimehifadhiwa pete kwa pete, pamoja na kutu yake. Unatazama mnyororo unavyolegea kati ya shingo mbili, na unaelewa kwamba urefu wake ulipimwa ili mtu aweze kupiga hatua, asiweze kukimbia.

Hatua hizo ndizo nilizozitafuta, mimi mtu wa Nzega, na sikuziona. Chini, miili inazama katika mwamba ulioizaa; miguu imemezwa. Naielewa hoja ya mchongaji: aliyeuzwa hana pa kwenda. Lakini sisi tuliokulia kaskazini ya Tabora tunamjua mtu wa msafara kwa miguu yake. Kutoka Unyanyembe, eneo la Tabora, hadi pwani ilikuwa safari ya miezi, na njia ile ile ilipitwa na mtumwa aliyefungwa na Mnyamwezi mpagazi aliyebeba pembe za ndovu kwa ujira. Ukiwaondolea miguu, umeondoa bara zima lililo nyuma yao. Wanaonekana kama waliota hapo sokoni.

Kwa hiyo naisoma kazi hii kama sanamu ya soko, na kwa soko imetimia. Njia bado haijachongwa. Kule Kwihara, nje kidogo ya Tabora, tembe alimokaa mpelelezi David Livingstone limehifadhiwa kuwa makumbusho, na ni vyema. Ila mchongaji atakayekuja kuisimamisha njia ile katika ardhi yetu ningemwomba asianze na uso wala shingo. Aanze na unyayo: kisigino kilichopasuka, vidole vilivyotanuka kwa uzito wa mzigo, na vumbi jekundu la Unyamwezi likiwa limeingia ndani ya mipasuko.