Zaburi Zilizofichwa: Kumsikiliza Cyrillus Kreek Tukiwa Kidahwe

Baada ya umati kushiba mikate na samaki, Bwana Yesu hakuondoka mara moja. Yohana 6:12 inatuambia kwamba aliwatuma wanafunzi wakaokote masalio. Wahubiri wengi hukimbilia muujiza na kuyapita masalio hayo. Katika insha hii tunataka kukaa nayo kidogo, kwa sababu zipo nyimbo za kanisa zilizobaki kama vipande vya mikate ndani ya vikapu, na mtu asipozitafuta hatazisikia kamwe.

Tunazungumzia hasa nyimbo za Cyrillus Kreek. Wapendwa wengi hawajalisikia jina hili, nasi hatushangai. Kreek alizaliwa mwaka 1889 huko Estonia, nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, ambako Ulutheri uliingia tangu karne ya 16. Alifariki mwaka 1962 katika mji mdogo wa Haapsalu, wakati nchi yake ikiwa ndani ya Muungano wa Kisovieti. Chini ya utawala ule muziki wa kanisa haukupewa nafasi katika kumbi, na mwaka 1950 kazi yake ya kufundisha katika chuo cha muziki cha Tallinn ilifikia mwisho. Nyimbo zake nyingi zilibaki kwenye karatasi tu.

Kazi yake kubwa ilianza mapema. Mwaka 1914 alikwenda kwa wanakijiji na fonografu, mashine ya zamani iliyonasa sauti juu ya nta. Alitaka kusikia jinsi watu wa kawaida wanavyoziimba tenzi za Kilutheri zilizotoka Ujerumani. Wakulima na wavuvi walikuwa wamezipokea tenzi hizo, wakaziimba nyumbani bila kinanda, na baada ya vizazi kadhaa zikawa zimepinda. Noti moja ya kitabuni imekuwa tatu au nne. Sauti inapanda mahali ambapo kitabu kinaitaka itulie. Mwalimu mkali angesema wamekosea. Kreek aliandika walivyoimba, kisha akazipangia kwaya. Alifanya hivyo kwa mamia ya tenzi.

Mtu anayeanza kumsikiliza tungemshauri aanze na Zaburi ya 104, aliyoitunga mwaka 1923. Ni wimbo mfupi wa kwaya bila ala. Kreek hakuichukua zaburi yote. Alichagua mistari michache, ukiwemo ule wa 24 unaostaajabia wingi wa kazi za Mungu na hekima iliyozifanya. Sauti zote zinatembea pamoja, taratibu, na kila neno linasikika. Hakuna mwimbaji anayetafuta kuonekana. Sisi tulio karibu na Ziwa Tanganyika tunajua mstari unaofuata katika Biblia: bahari kubwa, viumbe visivyohesabika, na merikebu zinazopita. Wimbo wa Kreek unatufikisha kwenye ukingo huo wa maji, na msikilizaji anamalizia mwenyewe moyoni.

Kuzipata nyimbo hizi kunahitaji subira. Ukitafuta kwa jina la mtunzi utapata kidogo. Afadhali utafute kwa majina ya waimbaji. Kwaya ya Estonian Philharmonic Chamber Choir, ikiongozwa na Paul Hillier, iliingiza zaburi zake kadhaa katika albamu ya Baltic Voices 1, iliyotoka mwaka 2002. Kundi la Vox Clamantis lilitoa albamu nzima ya muziki wake mwaka 2020, tenzi za wanakijiji zikisindikizwa na ala za nyuzi za watu wa kaskazini. Jina la albamu hiyo linakumbusha Zaburi ya 137 na vinubi vilivyotundikwa huko Babeli. Hesabuni miaka: zaburi ya 1923, na sisi tunaisikia hapa Kidahwe, kwenye barabara ya kwenda Kasulu, kwa simu na spika ndogo, zaidi ya karne nzima baadaye.

Rekodi hizi ni nzuri, lakini tuna neno nazo. Ni safi mno. Waimbaji ni mafundi, na kanisa walimorekodia linarudisha sauti kwa upole. Ile mikwaruzo ya bibi mzee wa kijijini, ambayo ndiyo iliyoupinda utenzi hapo mwanzo, imepigwa pasi. Tunasikia alichoandika Kreek; tungependa pia kusikia alichosikia Kreek.

Wapo watakaouliza kwa nini tusimsikilize Arvo Pärt, Mwestonia mwenzake anayejulikana dunia nzima. Pärt naye alilipa gharama. Mwaka 1968 wimbo wake uitwao Credo, unaomkiri Yesu Kristo waziwazi, ulipigwa mjini Tallinn chini ya Neeme Järvi, na baada ya hapo wakubwa wakauzuia. Mwaka 1980 alihama nchi. Credo ni ungamo la mtu anayesimama mbele ya mfalme, kama Danieli, na kanisa linahitaji ungamo hilo. Lakini waumini wengi hawaitwi mbele ya mfalme. Wanaitwa kumwamini Mungu jikoni, shambani na kwenye mtumbwi wa dagaa, na huko ndiko nyimbo za Kreek zilikookotwa. Kwa usharika wa kawaida yeye ni mwalimu wa karibu zaidi.

Na hapa jambo linatugusa wenyewe. Kitabu chetu cha Mwimbieni Bwana kina tenzi nyingi kutoka Ujerumani, ndugu wa zile za Estonia. Wazee wetu Waha wanapoziimba msibani usiku, bila kinanda, nao huzipinda. Wanavuta mwisho wa mstari na kuingiza noti zisizoandikwa. Kijana wa kinanda huliona hilo kuwa kosa, akabonyeza mdundo wa mashine, na wazee wakanyamaza. Hakuna serikali iliyowakataza.

Angalieni pia watunzi wetu. Bernard Kyamanywa, mchungaji kutoka Uhaya, alitunga Mfurahini, Haleluya mwaka 1966 alipokuwa mwanafunzi Makumira. Leo wimbo huo ni namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani, na jina lake limeandikwa hapo. Wilson Niwagila, mchungaji mwenzake, alitupa Njoo Kwetu, Roho Mwema. Nyimbo za namna hii zilikusanywa Makumira na Howard Olson katika kitabu cha Tumshangilieni Mungu. Ulizeni asubuhi ya Pasaka nani alitunga wimbo wa kwanza, na mtasikiliza ukimya.

Zamani sauti zetu zilikwenda mbali. Radio Sauti ya Injili ya Addis Ababa, iliyoanzishwa na Shirikisho la Kilutheri Duniani, ilianza kurusha matangazo mwaka 1963, na vipindi vya Kiswahili vilitayarishwa Moshi. Mwezi Machi 1977 serikali ya kijeshi ya Ethiopia, iliyofuata njia ya Umaksi, iliichukua redio hiyo. Kituo kilinyang'anywa, lakini kanda za kaseti zilizobaki majumbani hazikunyang'anywa na mtu. Zinaliwa na unyevu na vumbi kwenye makabati, au watoto wamezivuta utepe wakichezea.

Kukumbuka ni tendo la imani. Waamuzi 2:10 inaeleza kilichotokea kilipoinuka kizazi kisichojua yale Bwana aliyoyatenda, na msiba wa Israeli ulianzia hapo. Wimbo wa mzee ni ushuhuda wa yale Bwana aliyoyatenda kwake.

Kwa hiyo tunaomba kila mtaa ufanye mambo matatu. Kaseti za kwaya zilizopo majumbani zikusanywe na kuhamishiwa kwenye simu au kompyuta kabla utepe haujakatika. Kila wimbo uandikiwe jina la mtunzi, mwaka na usharika. Na vijana wa kwaya wawaendee wazee wakiwa na simu zao, wawaombe waimbe utenzi mmoja jinsi wanavyouimba, wawarekodi bila kuwasahihisha. Kreek alikuwa na nta. Sisi tuna simu mfukoni, na wazee wetu bado wapo.