Jumba, Gofu na Majivuno ya Mji: Kuisoma Upya Al-Inkishafi katika Muktadha wa Ushindani wa Pate na Amu

Ikisiri

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, kwa kawaida husomwa kama waadhi wa kidini kuhusu upungufu wa dunia, au kama kumbukumbu ya kihistoria ya kuanguka kwa Pate. Makala haya yanadai kwamba usomaji wa aina zote mbili huutenga utungo na mazingira ya ushindani wa miji ya Upwa wa Kaskazini, ambamo jumba la mawe lilikuwa hoja ya kisiasa. Kwa kuulinganisha na mashairi ya majibizano ya Vita vya Kuduhu, makala yanaonesha kuwa Al-Inkishafi inachukua msamiati wa majivuno ya mji na kuugeuza uwe swali ambalo mji unajiuliza wenyewe.

1.0 Utangulizi

Ni tungo chache za Kiswahili zilizohaririwa na kufasiriwa mara nyingi kama Al-Inkishafi. Tafsiri ya W. E. Taylor ilichapishwa mwaka 1915 pamoja na kitabu cha Stigand kuhusu lahaja za Kiswahili; toleo la William Hichens likafuata mwaka 1939, na la James de Vere Allen mwaka 1977. Katika kazi hizo na katika uhakiki uliozifuata, mielekeo miwili imetawala. Mwelekeo wa kwanza unauona utungo kuwa mawaidha: mshairi anausemesha moyo wake, anauonya dhidi ya kughurika na dunia, kisha anaufikisha kwenye maelezo ya Jahanamu. Mwelekeo wa pili unazichukua beti zinazoeleza nyumba zilizobomoka za Pate kama ushahidi wa maisha ya waungwana: taa zao, vyombo vyao vya kauri na mbao zao za thamani.

Mielekeo yote miwili ina msingi katika matini. Hata hivyo, kila mmoja unalifanya gofu kuwa kitu kingine. Kwa msomaji wa kidini gofu ni mfano tu, na mfano wowote mwingine ungefaa. Kwa msomaji wa kihistoria gofu ni hifadhi ya nyaraka. Swali linaloachwa kando ni hili: kwa nini mshairi wa Pate, katika miongo miwili ya mwanzo ya karne ya 19, aliamua kuitafakari dunia kupitia nyumba za mji wake mwenyewe, wakati mji jirani ulipokuwa ukiinuka? Makala haya yanalijibu swali hilo kwa kuyarejesha majumba ya Al-Inkishafi katika mazungumzo ya miji yaliyoyapa maana.

2.0 Jumba kama Lugha ya Mji

Katika Kiswahili, utambulisho wa mtu umefungamana na mji hata katika maumbo ya maneno. Neno mwenyeji lina asili yake katika mwenye mji. Anayempokea mgeni ni yule aliye na sehemu katika umiliki wa mji. Katika miji ya visiwa vya Amu, umiliki huo ulisomeka kwenye kuta. Nyumba ya mawe ya matumbawe, iliyopigwa chokaa na kuezekwa dari juu ya boriti za mikoko, ilidai kwamba ukoo fulani umekita mizizi mahali hapo na hauna nia ya kuondoka. Urefu wa boriti uliweka kikomo kwa upana wa chumba. Kwa hiyo ukuu wa nyumba ulitafutwa katika kuongeza ghorofa, katika kina cha vyumba vilivyofuatana kutoka daka hadi ndani, na katika safu za vidaka ukutani vilivyopangwa sahani na mabakuli kutoka ng'ambo.

Usam Ghaidan (1975) ameueleza mpangilio huu kwa upande wa ujenzi, na Prita Meier (2016) ameonesha kwamba majengo ya miji ya bandari ya Waswahili yalielekezwa pia kwa mtazamaji wa mbali, yakidai uhusiano na ulimwengu wa ng'ambo ya bahari. Hoja hii ina uzito kwa mhakiki wa fasihi. Mji uliosogelewa kwa jahazi ulionekana kwanza kama mstari mweupe wa kuta juu ya maji, na msafiri aliyetoka mji mmoja kwenda mwingine aliweza kulinganisha. Sura ya mji kutoka baharini ilikuwa kauli ya hadharani, nayo ilitolewa mbele ya majirani waliokuwa na kauli zao.

Kauli hiyo ilikuwa na walioachwa nje yake. Waliovunja matumbawe, waliochoma chokaa na walioishi orofa ya chini pamoja na shehena hawakuhesabiwa miongoni mwa wenye mji. Jambo hili litarejelewa, kwa kuwa lina athari kwa namna gofu linavyoombolezwa.

3.0 Kuta na Majibizano: Ushairi wa Vita vya Kuduhu

Kwa muda mrefu Pate ilikuwa na nguvu kuliko majirani zake, na Amu ilikuwa chini ya kivuli chake. Mapigano ya Shela ya takriban mwaka 1812, ambayo katika ushairi hujulikana zaidi kwa jina la Vita vya Kuduhu, yaliugeuza uhusiano huo. Amu iliyashinda majeshi ya Pate na ya Wamazrui wa Mombasa, kisha ikatafuta himaya ya Sayyid Said wa Oman. Ngome ya Amu, iliyokamilika mwaka 1821, ilisimama mbele ya mji kama tangazo la hali mpya. Jiografia nayo iliisaidia Amu: mkondo wake wa bahari uliweza kupokea vyombo ambavyo vingesumbuka kuifikia Pate maji yanapokupwa.

Vita hivyo viliambatana na vita vya maneno. Mkusanyo wa Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff, Mashairi ya Vita vya Kuduhu (1995), unaonesha jinsi washairi wa pande zote walivyojibizana, miongoni mwao Bwana Zahidi Mngumi wa Amu na Muyaka bin Haji wa Mombasa. Sifa tatu za ushairi huo zinahusika hapa. Kwanza, mnenaji hazungumzi kwa nafsi yake pekee, bali hubeba sauti ya mji. Pili, anayesemeshwa yuko nje: ni mji hasimu, au ni wananchi wanaohimizwa wasimame imara mbele ya hasimu huyo. Tatu, hoja hujengwa juu ya sifa za kudumu za mji, yaani ukale wake, asili yake na uthabiti wake. Muyaka anapoihusisha Mombasa na jina la Mwana Mkisi, mama wa asili katika masimulizi ya mji huo, anadai kwamba Mombasa ni ya kale kiasi kwamba adui hana budi kuiogopa. Ukale unakuwa silaha.

Umbo la shairi lilifaa kwa kazi hiyo. Mshororo wa mizani kumi na sita, uliogawanyika katika vipande viwili vinavyokaribia kulingana, hurahisisha kutoa tamko na kulipiza. Shairi moja huita jingine, na mwenye kunyamaza huhesabiwa kuwa ameshindwa.

4.0 Gofu kama Jibu

Al-Inkishafi iko mbali na majibizano hayo kwa umbo. Ubeti wake una mistari minne yenye mizani kumi kila mmoja. Mitatu ya kwanza inashirikiana kina, na wa nne unabeba kina kinachoendelea hadi mwisho wa utungo. Hakuna nafasi ya mpinzani kuingia. Anayesemeshwa ni moyo wa mshairi mwenyewe. Badiliko hili la msemeshwa ndilo kiini cha usomaji unaopendekezwa hapa: usemi uliozoea kuelekezwa kwa mji jirani umegeuzwa na kuelekezwa ndani.

Msamiati, hata hivyo, ni ule ule wa majivuno. Mshairi anayaeleza majumba ya matajiri wa Pate kwa mambo yale yale ambayo mji ungejivunia mbele ya mgeni: taa za kioo na za shaba zilizoufanya usiku uwe kama mchana, kauri ya kuchaguliwa, watu waliotembea kwa maringo huku wakizungukwa na wafuasi mbele na nyuma. Kisha kila kitu kinapata mpangaji mwingine. Vidaka vilivyokuwa makazi ya sahani vimekuwa viota vya makinda ya ndege. Kumbi zilizojaa sauti za watu zinavuma nyende. Popo na bundi wamejichukulia nafasi zao, na viwanja vya nyumba vimegeuka mwitu.

Kinachostahili kuzingatiwa ni usahihi wa ubadilishanaji huu. Mshairi hasemi tu kwamba nyumba imekwisha. Kidaka bado ni kidaka, ukumbi bado ni ukumbi. Ramani ya jumba imehifadhiwa, na msomaji anayeijua nyumba ya kiungwana anaweza kutembea ndani yake kutoka chumba hadi chumba. Waadhi wa jumla kuhusu mauti haukuhitaji usahihi huo. Unahitajika na mtu anayejua kwamba kuta hizi zilitoa kauli, na anayetaka kuonesha kwamba bado zinaitoa kauli hiyo baada ya wasemaji kuondoka. Jumba lililodai kudumu limedumu kweli, lakini bila wale ambao kwa ajili yao lilidai.

Hapo ndipo swali la wako wapi linapopata makali yake. Mtindo wa kuwauliza waliotangulia umezoeleka katika ushairi wa Kiarabu wa zuhudi tangu enzi za Abu al-Atahiya, na Sayyid Abdallah aliurithi. Lakini anawataja watu wa mji wake na jamaa zake. Mtindo wa kimataifa umefungwa kwenye mitaa ya Pate, na kwa kufanya hivyo mshairi ameligusa neno mwenyeji lenyewe: mji upo, wenye mji hawapo.

Pamoja na hayo, maombolezo haya yana mpaka. Wafuasi waliomzunguka tajiri wanaonekana kama sehemu ya fahari yake, kwa daraja moja na taa na kauri. Utungo hauulizi wao wako wapi. Uchungu wake, ingawa ni wa kweli, ni uchungu wa tabaka lililokuwa na jumba la kupoteza, na mhakiki anayeuita maombolezo ya Waswahili wote analifuta tofauti hilo.

5.0 Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba Al-Inkishafi haijibizani na Amu, na kwamba mwisho wake, unaoorodhesha majina ya Jahanamu, hauachi shaka kuhusu shabaha ya kidini. Pingamizi hili ni la haki, na makala haya hayadai kwamba utungo ni shairi la kisiasa lililojificha. Linalodaiwa ni dogo zaidi lakini lina matokeo: kwamba shabaha ya kidini imefikiwa kwa njia ya mji mahususi, na kwamba njia hiyo ilichaguliwa. Mshairi msomi kama Sayyid Abdallah alikuwa na mifano ya Kikurani karibu naye, ikiwamo ya Aad na Thamud, kaumu zilizojenga kwa nguvu zikaangamizwa. Anamtaja Nabii Suleimani na ufalme wake uliopita. Lakini uzito wa maelezo hauko huko, uko Pate. Msomaji wa wakati wake, aliyejua kuta zipi zilikuwa zikiinuka upande wa pili wa maji, hakuhitaji kuambiwa jina la Amu.

Kwa mtazamo huu, dini na mji havishindani ndani ya utungo. Mshairi aliyeshuhudia mji wake ukipitwa na jirani angeweza kujibu kwa majigambo mapya. Badala yake ameukubali upungufu na kuugeuza uwe maarifa ambayo mshindi bado hajayapata. Waadhi huo unaiandama Amu pia, kwa kuwa hakuna sababu iliyotolewa ya kuamini kwamba kuta mpya zitakuwa na hatima tofauti.

6.0 Umuhimu wa Usomaji Huu kwa Leo

Suala hili si la kihistoria pekee. Mji Mkongwe wa Amu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa mwaka 2021. Sura ya mji kutoka baharini imekuwa tena jambo la kubishaniwa: upande mmoja kuta za kale zinazohifadhiwa kwa ajili ya mtazamaji wa mbali, na upande mwingine majengo na mitambo ya bandari. Katika mazingira haya ni rahisi Al-Inkishafi kugeuzwa pambo la kauri iliyovunjika na milango iliyochongwa. Utungo wenyewe unaupinga usomaji huo. Unafundisha kwamba uzuri wa kidaka si ushahidi wa uhai wa mji, na kwamba swali la kwanza ni nani anakaa humo.

Desturi ya kuufanya mji uwe mada ya nasaha haijakatika. Ustadh Mahmoud Ahmad Abdulkadir, maarufu Ustadh Mau, ana shairi liitwalo Amu miongoni mwa tungo zake zinazoijadili hali ya jamii yake. Ulinganisho wa kina kati ya tungo zake na Al-Inkishafi, kwa kuzingatia nani anasemeshwa na kwa niaba ya nani, ungeonesha ni kiasi gani sauti ya mji imebadilika tangu ilipokuwa mali ya wenye majumba.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonesha kwamba Al-Inkishafi na mashairi ya Vita vya Kuduhu ni pande mbili za mazungumzo yale yale kuhusu mji. Upande mmoja unautumia uthabiti wa mji kumtisha jirani; upande wa pili unaujaribu uthabiti huo kwa kuzitembelea nyumba baada ya wenyewe kuondoka. Uhakiki uliozitenganisha tungo hizi, zile katika siasa na hii katika dini, umepoteza jambo ambalo wasikilizaji wa awali huenda walilipata bila shida. Inapendekezwa kwamba katika ufundishaji wa fasihi ya Upwa wa Kaskazini tungo hizi zisomwe pamoja, na kwamba swali la Al-Inkishafi kuhusu walipo wenye mji liulizwe pia kuhusu wale ambao utungo haukuwauliza.