Ukingo Wenye Njia ya Kuteremkia

Sehemu ngumu kuliko zote katika kulinda ufuko wa Uvira ni ile njia ya kuteremkia majini. Kupanga mawe, kupanda nyasi kwenye mteremko, kufunga matita ya vijiti, yote hayo mtu hujifunza. Lakini ufuko huu una wenyewe. Alfajiri akina mama na watoto hushuka na bidoni kuteka maji. Wavuvi hurudi na taa zao na ndakala, yaani dagaa, mitumbwi ikavutwa mchangani, wafua nguo wakafuata, na jioni vijana huja kuoga. Kila unyayo hulegeza udongo, na pale watu wanapopita sana ndipo wimbi hupata pa kuingilia. Ukiziba njia hiyo kwa matete, baada ya wiki chache utakuta matete yamekatwa na njia nyingine imefunguliwa mahali pabaya zaidi. Fundi ninayemsifu hapa huanza na njia ya watu, kisha ndipo hupanda.

Uvira, mashariki mwa Kongo, ni mji mwembamba. Magharibi milima ya Mitumba inaanza kupanda karibu na nyumba za mwisho. Mashariki ni Tanganyika, ziwa lenye urefu wa kilomita zipatazo 670. Katikati pamebaki kipande cha ardhi kilicholetwa na mito yenyewe: Mulongwe, Kalimabenge, Kavimvira. Mito hiyo hushuka kwa kasi ikisukuma mawe, na kati ya tarehe 16 na 17 Aprili 2020 mafuriko yaliua makumi ya watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Watu hawajamaliza kujenga upya, ziwa nalo likapanda. Mwaka 2021, kisha tena 2024, maji yaliingia majumbani na kufunika bandari ya Kalundu. Kiwango cha 2024 kilikaribia mita 777 juu ya usawa wa bahari, kama ilivyokuwa mwaka 1964.

Tanganyika haina pa kutokea ila mto Lukuga, kule Kalemie. Mpelelezi Mwingereza Cameron alipoufikia mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na mchanga. Kizuizi hicho kilipoachia, karibu mwaka 1878, ziwa lilishuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata. Basi anayeijua kazi hii hachori mstari mmoja akasema ziwa mwisho wake ni hapa. Hufikiria ukanda mzima ambao maji huja na kuondoka, na kila anachokiweka ndani yake hukiweka akijua kwamba siku moja kitazama, na siku nyingine kitabaki pakavu.

Mwenye nyumba akipata pesa hukimbilia ukuta wa saruji, na ninamwelewa. Amekwisha kuona maji chini ya kitanda chake. Ila wimbi likigonga ukuta wima hurudi na nguvu zake zote, likachimba mchanga mguuni pa ukuta, na linalopita pembeni humla jirani. Gabioni, yaani vizimba vya waya vilivyojazwa mawe, ni afadhali, kwa kuwa hupinda bila kupasuka na hupitisha maji. Kwenye kingo za mito ya Uvira zina kazi yake. Lakini waya huoza kwa kutu, na mawe yakiokotwa ufukoni, ufuko huo umeibiwa kinga yake ya kwanza.

Matete hufanya kazi kwa namna nyingine. Shina moja halizuii kitu. Maelfu yake, katika ukanda wa hatua kumi au ishirini, hulisumbua wimbi mpaka linafika nchi kavu limechoka, na tope lililobebwa hutua katikati ya mashina likainua ardhi kidogo kidogo. Kuyaotesha upya mahali yalipofyekwa ndiko kunakotaka akili. Ziwa hufika kilele mwezi wa nne au wa tano, mvua zikiwa zinakwisha, kisha hushuka hadi mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Kwa mwaka wa kawaida tofauti haifiki mita moja. Mtu angedhani basi ni kuyafuata maji yanaporudi nyuma na kuchomeka vipande vya mizizi kwenye tope bichi. Shida ni kwamba miezi hiyo hiyo, Mei hadi Septemba, ndiyo miezi ya upepo wa kusini. Upepo huo hufuata urefu wa ziwa, na mawimbi hukua njia nzima kabla ya kutupwa huku kaskazini. Chipukizi la wiki mbili haliwezi kustahimili hayo.

Kwa hiyo kabla ya kupanda hupigwa vigingi safu mbili, mbele kidogo ya mahali patakapopandwa. Katikati hulazwa matita ya vijiti na matete makavu, yakakanyagwa na kufungwa kwa kamba. Uzio huo mfupi unatakiwa uishi msimu mmoja au miwili, uvunje nguvu za wimbi wakati mizizi inashika, kisha uoze. Hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi. Anakaza fundo, anatikisa kigingi na kukipiga tena, kwa uangalifu ule ule ambao mwingine angeuweka kwenye msingi wa nyumba, ilhali anajua kitu chenyewe kitaliwa na maji.

Juu zaidi, kwenye mteremko ambao matete hayaupendi, hupandwa vetiva, nyasi ya asili ya India ambayo Benki ya Dunia ilianza kuieneza miaka ya 1980. Shada hung'olewa, hukung'utwa, kisha hupasuliwa taratibu ili kila kipandikizi kibaki na machipukizi mawili au matatu pamoja na kipande cha shina la chini. Majani hukatwa yakabaki kama shubiri moja, mizizi hufupishwa na kuchovywa kwenye tope lililochanganywa na samadi. Kipandikizi husimamishwa shimoni, udongo hushindiliwa kwa kisigino, kisha kipandikizi huvutwa kidogo kwa vidole viwili; kikitoka, hurudiwa. Kutoka kimoja hadi cha pili ni sentimita 10 hadi 15, na safu nzima hufuata usawa wa mteremko. Mwenye haraka huacha mapengo, na maji ya mvua hupita humo humo. Mizizi huenda chini moja kwa moja, mita 2 au 3, na aina inayopandwa haitoi mbegu za kuota, kwa hiyo haivamii shamba la mtu.

Sasa njia yenyewe. Hukatwa mshazari ndani ya matete, mdomo wake ukikwepa upande wa kusini, ili wimbi kubwa lipite mbele bila kuingia. Ngazi ni za mawe bapa yaliyolazwa juu ya kokoto, bila saruji, na huendelea chini ya maji hadi pale ziwa linapofika likiwa limeshuka kabisa. Zikiishia kwenye maji ya Mei, ifikapo Oktoba mama atakuwa anakanyaga tope. Kila ngazi ni fupi, maana anayepanda amebeba lita 20. Pembeni matete hufyekwa chini kwa upana wa kutosha, kwa sababu ziwa hili lina mamba na viboko, na aliyeinama kuteka maji anataka kuona kushoto na kulia. Mitumbwi hupewa njia yake ya mchanga, mbali na ngazi.

Pa kufulia napo hutengwa na pa kutekea, na hilo si la kupuuza Uvira. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kwa takwimu za mji huu za 2009 hadi 2014, ulionyesha kwamba maji ya bomba yakikatika, wanaolazwa kwa kudhaniwa kuwa na kipindupindu huongezeka katika siku zinazofuata. Watu hurudi ziwani kwa sababu hawana pengine. Ngazi nzuri haiyatakasi maji. Klorini bado inahitajika. Lakini humwezesha mtu kuteka mbali na sabuni na choo.

Samaki nao wana haki yao. Mwaka 1993 mwanasayansi Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba sehemu za ziwa zinazopokea udongo mwingi kutoka milima iliyofyekwa zina aina chache zaidi za samaki na viumbe wadogo. Tope lililonaswa na matete halifiki kwenye mawe wanakotagia.

Yanabaki matunzo. Matete ni mali: ukuta, uzio, mkeka wa kuanikia. Watu watayakata, na wakate, ila juu ya maji, kwa sababu shina lililokatwa likazama huinyima mizizi hewa. Ziwa likipanda tena, mawe ya ngazi hung'olewa na kusogezwa juu. Likishuka, hurudishwa chini, na mashada ya vetiva ya zamani hupasuliwa kupata vipandikizi vya safu mpya.